Emérence na Maziwa ya Maman Bulonza

Siku Emérence alitia chumvi mu bugali, hakuna mutu mu nyumba alisema kitu, na njo ile kimya ilimuumiza. Kama wangelimucheka angelijibu. Emérence hakukosaka jibu, ikuwe ku soko, ikuwe mbele ya kanisa kisha misa. Lakini Carine, mutoto wake mwanamuke, alitafuna donge moja, akameza, akakunywa maji. Kisha akamuangalia mama yake, na kisha akaangalia kona, pale Maman Bulonza alikuwa anakaa juu ya kiti chake, mikono juu ya magoti.

Ile macho ya Carine, kutoka kwa mumoja mupaka kwa mwengine, Emérence aliiona.

Mu Bukavu hata mutoto mwenye hajaanza masomo anajua bugali haitiwake chumvi. Chumvi ni ya sombe, yale majani ya muhogo, ni ya maharagi, ni ya sambaza, samaki ndogo za ziwa. Bugali ni maji na unga na nguvu ya mukono, basi. Mwanamuke mwenye alipika bugali tangu utoto wake, na siku moja anatia chumvi, ni kusema kuna kitu ndani yake kimelegea.

Na Maman Bulonza alianza vile vile. Siku moja alitia majani ya chai mu maharagi. Siku ingine alienda kufua, akarudi na nguo za mutu mwengine, na wenye nguo nyuma yake wakifanya kelele. Kisha akaanza kuuliza mume wake, papa Philémon, amechelewa wapi, na papa Philémon alikuwa mu udongo wa Walungu zamani sana. Majirani walisema ni karuho, ile sumu wanakutilia mu kinywaji na inakumaliza polepole. Kila mumoja alikuwa na jina ya mwenye aliitia. Jamaa walimupeleka kwa mutu wa majani, wakamupeleka ku maombi, mutumishi wa Mungu akamuwekea mikono na kumukemea shetani atoke. Shetani hakutoka. Wazee wa Walungu, wao, walisema neno lingine kwa sauti ya chini: baba ya Bulonza alisahau vile vile, na kaka yake mukubwa pia, mupaka siku alipotea mu shamba yake mwenyewe.

Sasa Maman Bulonza alikuwa anaishi kwa Emérence, kule juu Kadutu, na ni Emérence alikuwa anamuogesha, anamuvalisha, anamukulisha. Hakuacha mutu mwengine afanye. Anaclet, mutoto wa Bulonza mwenye kuwa na garage ya pikipiki ngambo ya pili, alileta makala ya kupikia na sabuni, alikaa saa moja, alitoka macho mekundu. Alikuwa mutu muzuri, lakini hakuweza kuona mama yake anamuita "monsieur".

Kwa hiyo, ile usiku wa bugali ya chumvi, Emérence hakuogopa kufa. Kufa alikwisha kukubali, kila mutu na siku yake. Aliogopa hii: watu wawili wenye kusahau mu nyumba moja. Nani atamuogesha Maman? Na nani atamuogesha yeye? Carine alikuwa anafundisha asubui, alikuwa na watoto wake. Wangelimufunga Maman Bulonza mu chumba, sawa vile watu wengine wanafanyaka na wazee wao, na ufunguo mu mufuko. Ile ufunguo njo Emérence alikuwa anaona kila mara alifunga macho.

Musomaji, ni lazima ujue kitu kimoja, juu bila hicho hautaelewa yenye ilikuja nyuma. Bulonza hakuzaa Emérence. Mwanamuke mwenye alimuzaa, muke wa kwanza wa baba yake, alikufa siku ile ile, mbele ya kumuona vizuri. Bulonza alikuwa muke wa pili wa papa Philémon, bibi mudogo, musichana kabisa, na alikuwa ametoka kuzika mutoto wake wa kwanza. Maziwa ilikuwa inamwangika tu, inalowanisha nguo. Wazee waliogopa hata kumuuliza. Ni yeye mwenyewe aliingia mu ile nyumba ya kilio, akamutoa mutoto mu mikono ya bibi-muzee mwenye alikuwa anamutuliza na maji, akakaa chini, akamunyonyesha. Na akasema mbele ya wote kwamba mutu mwenye atamuita huyu mutoto "yatima" atakuwa na shida naye.

Hakuna mutu aliijaribu. Emérence alikomaa, akaolewa, akazaa, bila neno "wa kambo" kupita mu ile parcelle, mu kiwanja chao. Mara moja tu, ku kilio, binamu mumoja alianza kuhesabu nani ni wa tumbo gani, na Emérence, mwanamuke muzima wa wajukuu, alimupiga kofi mbele ya maiti. Watu walisema amemurithi Bulonza kiburi. Walisema hata kicheko ni moja, hata kutembea ni kumoja. "Ni maziwa," walisema, na Emérence alikuwa anasikia utamu kuisikia.

Sasa ile utamu iligeuka. Kama maziwa ilimupa kicheko, na kiburi, na kutembea, juu ya nini isimupe na ugonjwa?

Hakumuambia mutu. Aliendelea kuteremuka ku soko ya Nyawera kuuzisha bassin yake ya sambaza. Lakini mambo haikuwa mazuri. Jina ya client wa Muhumba, mwenye alikuwa anamuuzishia tangu miaka na miaka, ilikuwa inakuja mu kinywa na inarudi. Sauti yake ikakuwa nzito sawa ya mwanaume. Jua linawaka, wenzake wanajipepea na carton, na yeye alikuwa amevaa tricot ya baridi na kitenge juu, anatetemeka. Kupanda mulima wa kurudi nyumbani, alikuwa anapumzika kila kona, uso umevimba, na anamuambia Carine kwamba alikutana na watu wa kusalimia.

Docteur Chancelle alifika mu hii nyumba juu ya Maman Bulonza, si juu ya Emérence. Alikuwa anafanya kazi na kikundi cha watu wenye wanachunguza uzee: juu ya nini muzee mumoja anabaki na akili yake mupaka mwisho, na mwengine inamutoka. Alikuwa Mushi wa Walungu, wa kabila lao, mwenye heshima, alivua viatu ku mulango. Alieleza kwamba ndani ya mwili wa kila mutu kuna maandiko, madogo hata jicho haliwezi kuyaona, nusu inatoka kwa baba na nusu kwa mama. Wao wanachukua damu na mate ya wazee wengi, wale wenye akili na wale wenye kusahau, wanasoma yale maandiko, wanaangalia ni wapi yanaachana. Mu jamaa zingine chache, alisema, kuna neno moja limeandikwa vibaya, na ile kosa inashuka mu damu. Mutoto wa mwenye kosa anaweza kuipata ao kuikosa. Ni sawa vile mimba: mwanaume ao mwanamuke, hakuna mwenye anachagua.

Anaclet, mwenye alikuja siku ile, aliuliza kama kuna dawa. Docteur hakudanganya. Alisema ya kuponyesha bado, na njo maana wanachunguza. Anaclet akasema watachukua damu yake, haina neno, lakini majibu yake asiambiwe. Docteur akasema ni haki yake.

Kisha akageukia Emérence, akaanza maulizo. Akaonyesha Maman Bulonza na kichwa, na adabu yote, akauliza:

"Huyu, ni maman yako mwenyewe?"

Emérence alijinyoosha.

"Mwenyewe. Ao uko unaona mwengine hapa?"

Anaclet aliangalia chini. Carine aliangalia mikono yake. Mu ile nyumba hakuna mwenye alikuwa na ujasiri wa kuongeza neno, na docteur aliandika, akaendelea. Alipouliza kama yeye Emérence anataka kujua majibu yake, Emérence alisema anataka. Akajifanya kama mutu mwenye anaagiza kilo ya sukari. Docteur alimupa muda wa kufikiri, alimuita mara ingine kuzungumuza naye peke yake, alimuuliza kama ana mutu wa kumusindikiza siku ya majibu. Emérence alisema ile yote ni ya bure, yeye haogopi sindano wala karatasi. Lakini mu moyo alikuwa anaomba wakawie.

Walikawia. Musimu wa mvua uliingia, njia ya Kadutu ikageuka matope, na Emérence akaanza kupanga mambo yake kimyakimya. Alimuchukua Carine ku soko siku ya mapumziko, akamuonyesha wenye wanaleta sambaza kutoka ku ziwa, nani anadanganya na nani hadanganye. Alimufundisha vile Maman Bulonza anapendaka maji ya kuoga, vuguvugu, na kwamba unaanza na miguu, si kichwa, juu ukianza na kichwa anafikiri unamuzamisha. Carine hakuuliza maana ya ile masomo. Alitoka inje, akalia nyuma ya nyumba, akarudi na macho makavu.

Na sasa, pale pale, kijana mumoja wa ile kikundi alikuja kupiga hodi. Alisema docteur anaomba radhi, wanataka damu ya Emérence tena, na ya Maman Bulonza pia.

Emérence alinyoosha mukono. Lakini alikuwa ameelewa, ao alifikiri ameelewa. Mutu haombwake damu mara mbili juu ya habari njema. Wameona, alijiambia, wameona vibaya kabisa, na wanataka kuhakikisha mbele ya kunihukumu. Tangu siku ile aliacha kula vizuri. Anaclet alimukuta siku moja amekaa na kisu mu mukono na kitunguu mu ule mwengine, amesahau alikuwa anataka kukata ao kuchuna, na machozi haikuwa ya kitunguu.

"Yaya, dada yangu mukubwa," alimuambia, "kama na wewe uko nayo, ni mi nitawaogesha wote wawili. Sitakimbia."

"Hata bougie ya pikipiki ikikuwa moto haujui kuibadilisha bila kulalamika," Emérence alimujibu. "Utaogesha nani?"

Lakini alimushika mukono, na kitunguu kikaanguka.

Siku ya majibu ilikuja. Carine alimusindikiza, docteur akaomba Carine akae inje kwanza. Ile ilikuwa alama ya pili mbaya. Emérence aliingia mu kile chumba kidogo, akakaa, akaweka sac yake juu ya magoti, akaishika na mikono miwili. Docteur Chancelle alifunga mulango polepole sana. Alianza kusema kwamba kuko mambo mbili, na kwamba moja ni ya siri, na kwamba maman akikuwa anataka, wanaweza...

"Docteur, mutoto wangu," Emérence alisema, "mi ni muzee. Usinizungushe sawa pikipiki ya Anaclet. Niko nayo?"

"Hapana, maman. Hauko nayo."

Emérence aliuliza tena, na docteur akajibu tena, ile ile: Maman Bulonza iko na ile kosa, wameiona, ni hakika. Yeye Emérence haiko nayo. Wamesoma damu ya kwanza, wamesoma ya pili.

"Na ya pili mulichukua juu ya nini?"

Hapo docteur aliangalia meza. Alisema, na sauti ya mutu mwenye anabeba mayai, kwamba waliona kitu hawakukitegemea. Walifikiri wamebadilisha tubes za damu kwa bahati mbaya, njo maana walirudilia. Lakini haikuwa kosa. Damu yake na ya Anaclet inakutana kwa upande wa baba. Na damu yake na ya Maman Bulonza haikutane hata kidogo. Ni sawa vile watu wawili wenye wamepita mu njia. Akamwomba radhi. Akasema anajua ni neno zito kusikia mu umri huu, na kama maman anataka kulia, alie.

Kicheko kilianza chini kabisa, mu tumbo ya Emérence, kikapanda, kikatoka, ile kicheko yenye watu walisema ni ya Bulonza, mupaka Carine akafungua mulango kuangalia ni nini.

"Njo hiyo tu?" Emérence alisema. "Hiyo najua tangu niko na meno ya utoto! Mwenye alinizaa alikufa siku ile nilizaliwa. Kaburi lake nalipalilia kila mwaka."

"Lakini maman, tulikuuliza."

"Muliniuliza kama ni maman yangu mwenyewe. Nikasema mwenyewe. Sasa ulitaka niseme nini, na yeye amekaa pale?"

Docteur alifunika uso na mikono. Walikuwa wamekaa miezi, yeye na wenzake, wakitafuta wapi tubes zilibadilishwa, wakiandikiana na wale wa mbali wenye kuwa na mashini ya kusoma. Kisha naye akaanza kucheka. Alisema yeye mwenyewe alilelewa na maman mukubwa, dada ya mama yake, na kama mutu angelimuuliza vile, angelijibu vile vile, na kwa hasira zaidi. Alisema angelipaswa kuuliza tumbo, si maman. Emérence akasema ndiyo, uliza tumbo, lakini uliza mutu peke yake, inje.

Walicheka mupaka wakachoka. Na pale kicheko kilikwisha, Emérence alibaki na ulizo moja. Ilikuwa ile yenye ilimukalia mu kifua tangu ile usiku ya bugali, na hakujua namna ya kuisema bila kuonekana mujinga mbele ya mutu wa masomo. Aliisema.

"Na maziwa?"

Docteur hakucheka. Alisogeza kiti chake karibu. Alisema maziwa inajenga mifupa, inafukuza magonjwa ya utoto, na kama Maman Bulonza hangelimupa, leo hawangelikuwa hapa kuongea. Lakini ile kosa haipitake mu maziwa. Imeandikwa mu mutu mbele azaliwe, mu tumbo, na kisha hakuna mulango wa kuingilia. "Ulikunywa yote yenye alikuwa nayo ya kukupa, maman," alisema. "Ugonjwa haikukuwa ndani."

Emérence alimuomba arudilie, mara ingine, kwa Mashi, luga yao. Docteur akarudilia kwa Mashi. Ni hapo Emérence alilia, waziwazi, na hakujificha.

Bado ilibaki ya chumvi. Kwani kama si ile, ni nini? Docteur alisema damu yao hawakuisoma juu ya maandiko tu; walipima na vitu vingine. Kuko kitu kidogo mu koo, kile kikivimba watu wanaita goitre. Kwake hakikuvimba, kilichoka tu, kinafanya kazi sawa musukumaji wa mizigo mwenye hajakula. Kikichoka, mutu anasikia baridi, uso unajaa, sauti inakuwa nzito, kichwa kinasahau. Ile ina dawa. Kidonge kidogo kila asubui, mbele ya kula kitu, na kurudi kupima. Hatakiacha tena mupaka kufa, lakini akili itarudi.

"Na wenzangu ku soko walisema ni uzee," Emérence alisema. Akaongeza kwamba yeye hakuamini.

Kwa njia ya kurudi aliomba wapitie garage kwanza. Njo hapo furaha yake ilipungua kidogo, juu sasa ile kosa, mu watoto wa Maman wenye walibaki, ilikuwa inaweza kukaa kwa mumoja tu, na mumoja ni Anaclet. Alimukuta na mikono ya mafuta. Alimuambia yote, polepole, hata ya tumbo, yenye hawakusemaka. Anaclet alimusikiliza, akakaa juu ya pneu moja ya pikipiki, akapumua sawa mutu mwenye ametua mufuko wa simenti.

"Kumbe, yaya," alisema, "ulikunywa maziwa ya kwanza, ile nzuri, ukaniachia mimi ugonjwa."

"Ungelizaliwa mbele."

Walicheka, na kisha hawakucheka tena, walikaa tu bega kwa bega. Emérence alimuuliza kama sasa anataka kujua yake. Anaclet alisema hapana. Labda siku moja. Leo anataka kufurahia ya yaya wake, na asimuharibie. Emérence hakumusukuma. Mbele ya kuachana, docteur alikuwa amesema damu zao zote zitabaki mu ile kazi, hata ya Emérence mwenye hana kosa, juu wanataka kulinganisha watu wa nyumba moja na chakula moja lakini wa damu mbali mbali. Ile ilimupendeza. Alisema waandike wanachotaka, lakini mbele ya jina la Bulonza wasifute neno "maman", na docteur aliahidi.

Nyumbani Maman Bulonza alikuwa anangoja bila kujua anangoja. Emérence alivua viatu, akanawa mikono, akapika uji wa masaka, ile mutama, akakaa mbele yake. Alikuwa na kiu ya kumuambia, hata kama haitaingia. Alimuambia kwamba ile kusahau haitawashika wote wawili. Alimuambia hakuna mwenye atafunga mulango na ufunguo, juu yeye atakuwako, na kichwa chake chote, asubui na magaribi, mupaka siku ile Mungu anajua. Akamupa kijiko cha kwanza, cha pili.

Maman Bulonza alisimamisha mukono wa Emérence. Alimuchunguza uso, kwa muda, sawa mwanamuke mwenye anachagua ndizi ku soko.

"We, uko mutoto wa nani?"

"Wako."

Maman Bulonza alifikiri. Akasema ile ni uongo. Kisha akafungua kinywa, juu uji ulikuwa muzuri, na Emérence akajaza kijiko kingine.